Maharagi Hayakuumbwa kwa Ishirini na Nne

Wiki ile niliyorudisha funguo za chumba cha hesabu, mlinionyesha ordinateur mpya, kompyuta inayokaa juu ya meza kama redio, na mmoja wenu akaniambia kwa furaha, "Papa Mwalimu, hii haihitaji ata tuiambie makundi iko mangapi. Inachagua yenyewe." Mlitegemea nitashangaa. Mimi niliendelea kunywa chai. Baadaye mkaniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, nami nimekaa kuandika hasa kwa sababu ya sentensi ile. Vyeo sitavitaja, maana mnavijua. Mshahara sitautaja, maana mnaujua zaidi.

Niliingia kituo chetu cha utafiti wa mbegu mwaka ule ule nchi ilipobadilishwa jina ikaitwa Zaïre. Kabla ya hapo nilikuwa nikifundisha hesabu darasa la sita huko Walungu, ndiyo maana jina la Mwalimu lilinifuata mpaka Bukavu na halikuniacha tena. Siku ya kwanza nilivaa tai. Haukupita muda mrefu tai zikakatazwa nchi nzima, tukaanza kuvaa abakosti, koti lisilohitaji tai, kwa hiyo naweza kusema bila aibu kwamba nina tai moja iliyotunzwa vizuri sana.

Chumba cha hesabu kilikuwa na watu wawili: mimi na Papa Cirhuza, aliyekuwa hapo tangu kuta zilipopakwa rangi mara ya kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwahi kuinua sauti. Siku ile ya tai alinitazama, akatazama tai, akaniwekea mezani beseni la maharagi yaliyochanganyika.

"Mwalimu, panga."

Nikamuuliza, "Kwa makundi mangapi, Papa?"

"Ningejua iko mangapi, ningekuitia nini?"

Nikapanga kwa rangi, kama mwalimu yeyote angefanya. Nilipata mafungu saba, nikayanyoosha mistari, nikasubiri sifa. Papa Cirhuza akachukua punje mbili kutoka fungu la nyekundu. Moja ilikuwa ya mviringo, nyingine ndefu iliyopinda kama figo. "Hawa iko ndugu?" Nikasema labda. Akachukua nyekundu ya mviringo na nyeupe ya mviringo, zote za ukubwa mmoja. "Na hawa?" Nikasema sijui. "Vizuri," akasema, "leo umeanza kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mnajua wakulima wetu hawapandi aina moja ya maharagi. Shamba la mama mmoja lina rangi zote za kitenge. Kituo kilikusanya mbegu kutoka vilimani, kutoka Walungu mpaka Kamanyola kule bondeni, na makao makuu Kinshasa yakawa yanauliza kila mwaka swali moja: kuna aina ngapi? Kwa kila mbegu iliyoletwa tulitengeneza kadi. Tulipima urefu, upana na unene wa punje kwa kipimo cha chuma chenye midomo miwili. Tulihesabu punje mia, tukazipima uzito. Tulizipanda kidogo nyuma ya ofisi, tukahesabu siku mpaka ua la kwanza. Baada ya hapo ndipo hesabu ilipoanza, kwa mashine ya mezani yenye mkono wa kuzungusha, iliyolia kama kinu cha kusaga kahawa na kutuachia malengelenge kwenye kidole gumba.

Papa Cirhuza alinifundisha hivi. Chukua kadi mbili, tafuta tofauti zao zote, uzijumlishe kuwa umbali mmoja. Kadi mbili zilizo karibu zaidi kuliko zote, zifunge pamoja kwa kamba. Tafuta nyingine zilizo karibu zaidi, zifunge. Endelea kufunga, kadi kwa kadi, kisha fungu kwa fungu, na kila ukifunga, andika pembeni ulivuka umbali gani. Usipojizuia, mwisho utabaki na fungu moja lenye maharagi yote ya dunia, na utakuwa umefanya kazi miezi mitatu kugundua kwamba maharagi ni maharagi.

"Sasa nitajua namna gani pa kusimama?" nikamuuliza.

"Angalia namba ulizoandika pembeni. Mwanzo unaruka vijito. Mguu huku, mguu kule, na bado uko kwenye shamba la mtu moja. Kisha siku moja unajikuta umesimama mbele ya mto Ruzizi. Pale hauruki. Pale unahitaji daraja. Simama, urudi hatua moja, hesabu mafungu uliyo nayo. Iyo njo idadi."

Sijawahi kusikia maelezo bora, na baadaye nilisoma mengi, kwa Kifaransa, yenye herufi za Kigiriki. Ona uzuri wake: hakuna mtu aliyesema kabla kwamba aina ziwe tano au kumi. Idadi inatoka mwishoni, kwenye mbegu zenyewe.

Kwa bahati mbaya mbegu hazikuwa peke yao. Kazi yetu kubwa ya kwanza ilituchukua msimu mzima na ikatupa aina tisa. Mruko ulikuwa wazi kabisa. Tukapeleka tisa kwa mkurugenzi, ambaye wakati huo wote tulimwita Citoyen Directeur, yaani Mwananchi Mkurugenzi, kama sheria ilivyotaka. Akafungua fomu ya Kinshasa.

"Papa Cirhuza, fomu iko na mistari mitano."

"Basi Kinshasa waongeze mistari, Citoyen Directeur."

"Kinshasa haiongezake mistari."

Tukarudi chumbani, tukafunga mafungu juu ya mafungu, tukavuka Ruzizi mara nne bila daraja, tukaandika tano. Papa Cirhuza aliandika kwa mwandiko mzuri sana siku ile. Lakini mimi niliumia, maana nilikuwa mpya. Nikawa natamani ije siku idadi isichaguliwe na mistari ya fomu wala na mtu yeyote mwenye muhuri.

Muwe waangalifu na mnachotamani. Siku ilikuja.

Mkurugenzi yule alihamishwa, akaja mwingine, kijana, mwenye abakosti ya kupigwa pasi pande zote mbili, aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alituita wote uwanjani akatutangazia kwamba Kinshasa kuna mashine kubwa kama nyumba. Sisi tutapeleka vipimo tu. Huko vitatobolewa kwenye kadi za mashine, na mashine itajaribu yenyewe makundi mawili, kisha matatu, manne, mpaka kumi na mawili. Kila mara itaangalia mambo mawili: walio ndani ya kundi wamekaribiana kiasi gani, na makundi yenyewe yameachana kiasi gani. Idadi ambayo watu wake wamebanana zaidi ndani na kuachana zaidi nje, hiyo itaichagua. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake.

"Mashini haina ndugu," akamalizia. "Haina kabila. Haina tumbo. Tukiipa ukweli, inaturudishia ukweli."

Nilipiga makofi, na makofi yangu, ndugu zangu, yalikuwa ya kweli.

Papa Cirhuza akahamishiwa kwenye depo ya mbegu, kutunza funguo. Mimi nikapewa kuandaa vipimo. Kazi ilikuwa ya haraka: mbegu tisini na sita, kila moja na mfuko wake, meza nne, karani mmoja kila meza, kila mmoja mbegu ishirini na nne kwa mpangilio wa kuletwa. Punje mia huwezi kuzimwaga tu juu ya mizani, zinabingirika, kwa hiyo kila meza ilikuwa na kopo lake: meza ya kwanza kopo la sardini, ya pili la maziwa mazito ya sukari, ya tatu la majarini, ya nne kopo kubwa la maziwa ya unga. Zamani tulipima, kisha tukatoa uzito wa kopo. Lakini waraka wa mkurugenzi ulisema hesabu yoyote ya mkono imekatazwa, kuepuka makosa ya binadamu. Karani aandike kile mizani inachoonyesha, basi. Niliwaambia makarani waandike kile mizani inachoonyesha, na jina la kopo waliandike kwenye safu ya "mengineyo". Nilijisifu kwa ile safu ya mengineyo. Nilijiona mtu makini.

Kati ya mbegu zile tisini na sita, moja ilikuwa ya Maman Nabintu wa Mumosho, mkulima mjane aliyepanda kwenye mteremko unaotazama Ruzizi. Maharagi yake yalikuwa ya kupanda juu ya fito, meusi, yenye alama nyeupe kama ukucha kwenye jicho. Aliyaita maharagi ya mama mkwe, kwa sababu mama mkwe wake alimpa siku ya kufika kwenye boma, na kwa sababu, alivyosema, yalikuwa magumu kama yeye lakini hayakufa na mvua nyingi. Nilipofika kwake kuomba mbegu alinipimia vikombe viwili, akashika kikombe cha pili kabla ya kukimwaga.

"Hizi siyo za kula, Mwalimu."

"Hatuli mbegu, Maman. Tunapima, tunazitunza, ukizihitaji tunakurudishia."

"Ofisi inarudishaka?"

"Mimi nitarudisha."

Msimu uliofuata mvua ya mawe ikapita juu ya Mumosho. Haikuchukua hata nusu saa. Maman Nabintu akatembea mpaka ofisini kwetu, matope mpaka magotini, akakataa kiti.

"Mwalimu, zangu ziko?"

"Ziko, Maman."

"Kwangu hakubaki ata moja. Wiki ijayo nitakuwa nimelima. Nitakuja kuzikamata."

Nikamwambia asihangaike kurudi, nitamletea mwenyewe. Akanitazama usoni, akaondoka.

Siku mbili baadaye karatasi zikaja kutoka Kinshasa, ndefu, zenye matundu pembeni, zimekunjwa kama kinanda cha mkono. Mwishoni kabisa mstari mmoja: idadi ya makundi iliyochaguliwa, nne. Chini yake orodha. Kundi la kwanza, mbegu ishirini na nne. La pili, ishirini na nne. La tatu, ishirini na nne. La nne, mnaweza kukisia.

Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. "Muone. Ata usawa inajua."

Mimi pia nilifurahi, na hiyo ndiyo aibu yangu, kwa hiyo naiandika wazi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nikaona ishirini na nne mara nne, nikafikiri: ni nadhifu. Papa Cirhuza ndiye aliyesoma orodha mara mbili akiwa amesimama mlangoni pa depo, miwani yake mkononi.

"Mwalimu, Mungu hakuumba maharagi kwa ishirini na nne ishirini na nne."

"Papa, mashini imejaribu namna zote."

"Sikatai. Nasema tu, mimi nimezaa watoto saba, na ata wale saba hawakutoka kwa mistari."

Amri ikafuata. Depo ilikuwa imejaa, panya walikuwa wengi kuliko makarani, na ikiwa aina ni nne, ya nini kutunza mifuko tisini na sita? Ubaki mfuko mmoja kwa kila kundi, ule mashine iliouonyesha kuwa katikati. Mingine iende kantini ya wafanyakazi. Mbegu zetu hazikuwa na dawa, tulizihifadhi kwa majivu, kwa hiyo zililika. Papa Cirhuza akasema hatatoa punje bila karatasi yenye muhuri, karatasi moja kwa kila kundi, na muhuri wakati ule ulikuwa unakauka wino. Watu walimcheka kwa ukaidi huo. Mtaona.

Mfuko wa Maman Nabintu ulikuwa kundi la pili, na si ule wa katikati. Hapa mnaweza kuuliza kwa nini sikuutoa tu nikauweka pembeni. Nilikuwa na mkono, nilikuwa na ruhusa ya kuingia depo. Jibu ni baya kuliko woga: niliamini. Nilimwambia Papa Cirhuza, "Uache uende. Nitampelekea Maman kutoka mfuko uliobaki. Ni kundi moja, ni kitu kimoja."

Papa akafunga kufuli taratibu. "Mwalimu, wakikukamatia bibi uliyemuoa, utakubali wakuletee mwingine wa kundi lile lile?"

Nikacheka. Karatasi mbili za kwanza zikapata muhuri, na mifuko ya makundi mawili ikateremka jikoni.

Mpishi wa kantini alikuwa Maman Faida, mwanamke aliyeheshimiwa kituoni kuliko mkurugenzi, kwani mkurugenzi hakuwa na mwiko. Siku ile alipika kundi la kwanza, na asubuhi hiyo hiyo akaloweka kundi la pili kwenye beseni kubwa kwa ajili ya kesho. Saa sita tukakaa. Mkurugenzi alikula nasi, kuonyesha mfano. Alichukua kijiko cha kwanza, akatafuna, kisha taya lake likasimama, likabaki limesimama. Pembeni yangu karani mmoja alikuwa anatema kitu kwenye kiganja. Upande wa pili mwingine alikuwa anakunywa maharagi yake kama uji.

Maman Faida akatoka jikoni na mwiko.

"Nani alisema hizi iko famille moja?"

Macho yakaja kwangu.

"Mwalimu, ni wewe. Mimi ninapika maharagi tangu nikiwa binti. Za ndugu zinaivaka pamoja. Hizi, ingine imeshakuwa sabuni, ingine iko majiwe, ingine inaelea tu inatuangalia. Moto moja, maji moja, chungu moja. Hawa siyo ndugu. Hawa walikutana sokoni Kadutu."

Kantini ikacheka. Mkurugenzi alimeza alichokuwa nacho, nafikiri kizima. Mimi sikumaliza sahani. Nilirudi chumbani, nikatoa madaftari ya makarani, nikachukua kundi la kwanza la mashine, nikaanza kutafuta mbegu zake moja moja. Ya kwanza, meza ya kwanza. Ya pili, meza ya kwanza. Nilipofika ya saba mikono ilikuwa imeshaelewa kabla ya kichwa. Nikaruka moja kwa moja kwenye ile safu ya mengineyo, niliyojisifu nayo, ambayo hakuna aliyeipeleka Kinshasa. Sardini. Sardini. Sardini. Kundi la pili lote, maziwa ya sukari. La tatu, majarini. La nne, maziwa ya unga.

Kopo la maziwa ya unga peke yake lilikuwa zito kuliko punje mia za harage lolote tulilokuwa nalo. Mbele ya uzito ule, milimita mbili za urefu wa punje zingesema nini, nani angezisikia? Mashine ilitazama tisini na sita, ikaona wazi kabisa mafungu manne yaliyobanana ndani na kuachana nje, na ikachagua nne. Haikukosea hata kidogo. Kulikuwa na makopo manne.

Nilimpa mkurugenzi habari akiwa bado na kijiti cha meno.

"Kwa hiyo mashini ilikosea?"

"Hapana, Citoyen Directeur. Mashini ilijibu vizuri. Ni sisi tuliiuliza maharagi, tukaipa makopo. Kosa ni langu, mimi nilisimamia meza."

Lazima aliona mbele yake ripoti aliyoituma juzi kwa ndege. "Kama mashini haikukosea," akasema mwishowe, "ripoti ibaki." Nayo ilibaki. Kwa miaka, Kivu Kusini ilikuwa na aina nne za maharagi, kwa barua ya pongezi, na mkiitafuta kwenye kabati la chuma mtaipata. Lakini mkurugenzi yule hakuwa mtu mbaya. Nilipokuwa mlangoni aliongeza, "Karatasi za kundi la tatu na la nne bado sijapiga muhuri. Mwambie muzee wa depo muhuri umepotea." Baada ya hapo akaniuliza kama kuna kitu kingine, nikasema naomba kamyoneti, lile gari dogo la mizigo la kituo.

Sasa mniruhusu nirudi kuwa mwalimu kwa aya moja, kisha nitawaacha. Chombo kinachochagua idadi chenyewe ni kitu kizuri, na mkitumie. Kidole changu gumba kinawaombea hilo. Lakini hakichagui kati ya vitu vya dunia, kinachagua kati ya namba mlizokipa, na kwa namna mliyokiambia ya kupima umbali. Mkipima kitu kimoja kwa gramu nyingi na kingine kwa milimita chache, mmeshachagua tayari, kabla ya kuwasha umeme. Basi idadi ikitoka, kabla ya kuipenda, mchukue orodha ya kila kundi, mwende mkamtafute mtu aliyepima, na meza yake, na kopo lake. Na mkiwa hamna la kufanya, pikeni.

Nilikuta beseni jikoni, limefunikwa sahani. Kundi la pili lote humo, isipokuwa mfuko wa katikati: mbegu za watu ishirini na tatu zimechanganyika, zimelowekwa tangu asubuhi, zimevimba. Harage lililovimba halirudi kwenye mfuko. Litaliwa kesho, au litapandwa leo, au litaoza. Nikamwambia Maman Faida nataka beseni.

"Na kesho watu wa kazi watakula nini?"

"Ugali na mboga."

"Na beseni yangu?"

"Itarudi."

"Ofisi inarudishaka?" akasema, na sikujua kama wanawake wa mkoa huu hukutana mahali kupanga maneno.

Papa Cirhuza alipanda nyuma ya kamyoneti bila kuulizwa, akakaa na beseni kati ya magoti, akishika kingo zake kila tulipoingia shimoni. Barabara ya Mumosho mnaijua. Tulifika maji yakiwa yamepungua nusu na suruali ya Papa imechukua nusu nyingine.

Maman Nabintu alikuwa shambani. Ardhi ilikuwa tayari, imechimbwa mistari, fito zimesimikwa zote, zinangoja. Alitazama beseni, kisha mimi.

"Umenipikia?"

Nikamwambia yote. Kopo, mashine, muhuri, kantini. Nikamwambia pia kwamba nilitaka kumletea maharagi mengine ya kundi lile lile, kwa sababu nilijua ningekaa na jambo hilo tumboni nisipolisema. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilipomaliza akamuuliza Papa Cirhuza, "Huyu njo mwalimu wa watoto?"

"Zamani," Papa akasema. "Sasa iko anasoma."

Akaleta mkeka na ungo, akakaa, akatuonyesha pa kukaa. Tukaanza kutoa meusi yenye ukucha mweupe. Yalikuwa mepesi kuonekana. Hata mimi sikukosea sana, mara mbili tu, na mara zote mbili mkono wake ulitoka pembeni ukalitoa harage langu bila neno. Alipomaliza alileta kikombe kile kile cha bati alichonipimia. Kikajaa, akamwaga. Kikajaa tena, akamwaga. Kikajaa mara ya tatu.

"Nilitoa mbili," akasema. "Ofisi inanirudishia tatu?"

"Ni maji, Maman. Zimevimba."

"Nilijua ofisi hawawezi."

Ndipo nikaona bega lake likashuka kidogo, na nikaelewa lilikuwa juu tangu mvua ya mawe. Akaweka meusi kwenye ungo, akaufunika kwa kitambaa chenye maji, akausogeza kivulini. Nilifikiri tumemaliza, nikashika ukingo wa beseni kuinuka.

"Unaenda wapi? Na hizi?"

Zilikuwa za watu ishirini na wawili wengine, wa vilima vingine, na zote zilihitaji udongo siku ile au kesho. Lakini za kupanda fito haziwekwi pamoja na za chini, wala za kukomaa upesi pamoja na za kuchelewa. Alizimwaga mkekani na kuanza. Alichukua punje, akaigeuza, akaiweka. Nyingine, akaiweka pembeni yake. Ya tatu aliikataa mafungu yote mawili, akaianzishia mahali pake. Wakati mwingine punje moja ilikaa peke yake muda mrefu kama mgeni, kisha zikaja zinazofanana nayo. Mara moja alisimama, akatazama mafungu mawili, akayasukuma kwa kiganja yakawa moja. Papa Cirhuza alikuwa ameivaa miwani yake vizuri, anatazama mkono ule kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Mimi nilikuwa nimeshatoa kalamu na daftari kwa mazoea. Niliona niandike kitu kwa ajili ya kituo.

"Maman," nikamuuliza, "iko makundi mangapi?"

Hakuinua macho.

"Sijahesabu. Muache nimalize kwanza."